Kurunzi ya LED yaweza kuundwa nyumbani, mradi joto lidhibitiwe

KATIKA mtaa wa Kimumu, kando ya barabara ya Eldoret kuelekea Iten, shughuli huanza kabla ya mapambazuko. Wanariadha hushika njia kwenda mazoezini, wafugaji huenda kukama, nao wahudumu wa bodaboda huwasubiri abiria wa kwanza. Kurunzi hafifu wakati huo ni hatari sawa na kutokuwa nayo.

Nyingi za bei nafuu huwa na taa tisa au zaidi, zilizopangwa mfano wa mbegu za alizeti. Mnunuzi hudhani wingi huo ndio nguvu. Sivyo. Kila moja hutumia takriban miliampea 20, hivyo zote tisa kwa jumla hazifikii hata wati moja. LED moja ya wati tatu huzishinda.

Anayetaka mwanga wa kweli anaweza kujiundia. Hilo si geni nchini Kenya. Mnamo 2004, Evans Wadongo, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, alibuni MwangaBora, taa ya LED inayotumia nishati ya jua na ambayo umbo lake lilitokana na vyuma chakavu. Naye Richard Turere, mvulana wa Kitengela, pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alitumia balbu za kurunzi, betri kuukuu ya gari na kifaa cha kumetesha taa za pikipiki kuwafukuza simba zizini. Alisimulia uvumbuzi huo jukwaani TED mwaka wa 2013.

Kurunzi yenye LED tatu za wati tatu huhitaji betri nne za lithiamu za aina ya 18650, saketi ya kudhibiti mkondo, kipande kinene cha alumini, lenzi na swichi. LED huunganishwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, ili mkondo ule ule upite katika zote. Zikiunganishwa sambamba bila udhibiti, moja huweza kunyakua mkondo mwingi kuliko wenzake, ikapata joto, ikanyakua zaidi, hatimaye ikaungua.

Kila LED huhitaji takriban volti 3.2, hivyo tatu ni 9.6. Betri nne zilizojaa hutoa volti 16.8, na zikikaribia kwisha, 12. Mafundi wengine huweka rezista pekee. Hesabu yaonyesha kasoro yake: ili kupata miliampea 700 betri zikiwa zimejaa, huhitajika rezista ya takriban omu 10, ambayo huteketeza wati tano kwa joto tupu. Betri zikifika volti 12, mkondo hushuka hadi kama theluthi moja. Saketi ya kudhibiti hudumisha mwanga ule ule, na betri mpya za miliampea-saa 2,200 huweza kudumu takriban saa nne.

Adui mkuu ni joto. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika LED hugeuka joto wala si mwanga, na lisipoondolewa, mwanga hufifia na uhai wa LED hufupika. Ndiyo maana bomba la plastiki, ambalo wengi hulikimbilia kwa urahisi wake, halifai kuwa mwili wa kurunzi hii: hulifungia joto ndani. Alumini iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, au mabaki kutoka kwa mafundi wa madirisha, hufaa zaidi. LED hubandikwa juu yake kwa mafuta maalumu ya kupitisha joto. Baada ya kuwaka kwa nusu saa, mwili ukiwa hauvumiliki mkononi, mkondo upunguzwe.

Betri ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Zile zinazotolewa katika vipakatalishi vilivyoharibika ni rahisi kupatikana, lakini iliyovimba, yenye kutu au iliyoshuka chini ya volti mbili haifai kufufuliwa. Zisichanganywe mpya na kuukuu. Zisilehemiwe moja kwa moja, kwani joto la chuma huweza kuziharibu. Zitiwe kwenye vishikizo. Lazima pia pawe na saketi ya ulinzi inayozuia kila betri kupita volti 4.2, pamoja na chaja ya volti 16.8 iliyotengenezewa lithiamu. Betri ya lithiamu iliyochajiwa kupita kiasi huweza kulipuka moto, na katika nyumba ya chumba kimoja, ikichajiwa usiku wenyewe wakiwa usingizini, hapana pa kukimbilia. Ichajiwe mchana, juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda na mapazia.

Lenzi huteuliwa kwa kazi. Mlinzi anayemulika ua kutoka langoni atafaidika na miale myembamba ya nyuzi 10 hivi; mkimbiaji anahitaji takriban nyuzi 60 ili aone mashimo yaliyo mbele ya miguu yake. Barabarani, mwanga uelekezwe chini, kwani mwendeshaji anayekuja akimulikwa machoni hupofuka kwa muda na huenda asimwone kabisa mwenye kurunzi.