Mwinuko juu ya uso uliopinda (usanifu kwa kompyuta)

Mwinuko juu ya uso uliopinda ni umbo, aghalabu herufi au nembo, linalochomozeshwa kwenye modeli isiyo bapa, kama ubavu wa chupa. Programu huweza kuusukuma mchoro bapa kwa mstari ulionyooka hadi ukutane na uso, au kuuzungushia uso huo. Njia ya kwanza huwavutia wanaoanza kwa kuwa haina masharti mengi, lakini hesabu yaiumbua: kwenye silinda, alama iliyo nyuzi 60 kutoka mstari wa katikati hupata upana maradufu, na kuta zake hulala upande badala ya kusimama wima juu ya uso. Kwa maandishi, basi, kuzungushia ndiko sahihi.

Wapo wanaosema kuzungushia nako hupotosha. Ni kweli, ila kidogo: kwenye silinda ya nusukipenyo cha milimita 40, mwinuko wa milimita 1 hurefusha sura ya juu ya herufi kwa asilimia 2.5, tofauti ambayo jicho haliioni. Pingamizi zito ni la tufe. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba mpindo wa uso, ukipimwa ndani ya uso wenyewe, haubadiliki uso ukikunjwa bila kuvutwa. Ndiyo maana silinda na koni hupokea mchoro bapa bila kuuharibu, lakini tufe halipokei. Programu inayokubali uso wowote haijaishinda kanuni hiyo. Inaugawanya tu upotofu. Nembo ndogo juu ya tufe kubwa inaweza hata kusukumwa moja kwa moja, ilhali mkanda wa maandishi unaolizunguka ni afadhali uchorwe upya kwa kufuata mpindo.