Nguo Inayovutika na Mshono Wake

Wasikilizaji wetu, pamoja nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, leo twapenda kuwapa habari za nguo ambayo wengi wetu huivaa kila siku bila kuifikiri, nayo ni nguo inayovutika. Fulana, soksi, jezi ya mchezo wa mpira, sweta la mtoto, zote ni za ukoo mmoja: ukizivuta zafuata, ukiziacha zarudi. Walakini mwenye cherehani nyumbani, ambaye hushona gauni la kitenge au suruali ya kaki pasipo taabu, mara nyingi huiogopa nguo hii. Husema kwamba yapinda chini ya sindano, uzi wa mshono hukatika, na pindo hugeuka mawimbi. Basi twataka kuonyesha kwamba shida hiyo ni ya zamani sana, na ya kuwa kulikuwa na wakati ambapo watu walivunja mashine usiku, na serikali ikatunga sheria ya kunyonga, kwa ajili ya nguo hii na mshono wake.

Kwanza hapana budi kueleza tofauti iliyopo baina ya nguo za namna mbili. Kanga, kitenge na merikani hufumwa kwa nyuzi za mtande, zilizonyoshwa kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zipitazo kwa upana, huu juu na huu chini. Nyuzi hizo zimesimama wima kama fito za ukuta, na ukizivuta kwa urefu au kwa upana hazifuati. Lakini ukiivuta nguo hiyo kwa mshazari, kona kwa kona, utaona yalegea kidogo. Mafundi wa Ulaya wa zamani waliijua siri hii. Kabla soksi za kufuma hazijaenea kwao, walikata vifuniko vya miguu katika nguo ya sufu kwa mshazari, ili vipate kufuata mguu. Hata hivyo vilifanya mikunjo gotini na kwenye kifundo.

Nguo inayovutika haina mtande wala mshindio wa namna hiyo. Uzi mmoja huenda ukipinda vitanzi, na kila kitanzi hupita ndani ya kitanzi kilicho chini yake. Ukivuta, vitanzi hunyoka; ukiachia, hurudia umbo lake. Hiyo ndiyo fadhili yake, na papo hapo ndiyo hatari yake, kwa maana kila kitanzi kinamtegemea jirani. Kikitoka kimoja, cha juu yake hukosa mshikizi, kisha cha tatu, hata nguo nzima ikafumuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; maneno hayo yanaifaa nguo hii kuliko nyingine yo yote.

Ufundi huu ni wa kale. Katika nchi ya Misri zimepatikana soksi za pamba, za rangi ya buluu na nyeupe, zenye umri wa miaka 700 na zaidi, zilizofumwa kwa mkono kwa ustadi mkubwa. Baadaye kazi hii ilienea Ulaya, na mahali pamoja palipojipatia sifa ni kisiwa cha Jersey, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya Ufaransa lakini chini ya Mfalme wa Uingereza. Huko wanaume kwa wanawake walifuma soksi za sufu za kuuza ng'ambo, na faida ilikuwa nzuri hata mashamba yakaanza kuachwa. Katika mwaka 1608 wakuu wa kisiwa walitoa amri ya kwamba mtu aliyepita umri wa miaka 15 asifume soksi wakati wa mavuno, wala wakati wa kukusanya mwani wa kurutubisha mashamba. Atakayevunja amri atafungwa, na chakula chake kitakuwa mkate na maji. Jina la kisiwa hicho ndilo lililotupa neno letu la jezi. Kijana anayevaa jezi uwanjani leo, awe Tanga au Kisumu, amevaa jina la kisiwa cha wafuma soksi.

Zamani hizo kazi yote ilikuwa ya mkono. Hata katika mwaka 1589 Mwingereza mmoja, jina lake William Lee, wa kijiji cha Calverton karibu na mji wa Nottingham, alibuni mashine ya kufuma vitanzi. Mfumaji wa mkono hufanya kitanzi kimoja kimoja; mashine ya Lee ilifanya mstari mzima kwa mara moja. Alikwenda kumwomba Malkia Elizabeth hati ya kumlinda, lakini akanyimwa. Yasemekana Malkia aliogopa kwamba mashine hiyo ingewanyang'anya maskini mkate wao. Lee alihamia Ufaransa, akapata ulinzi wa Mfalme Henri wa Nne. Walakini mfalme huyo aliuawa katika mwaka 1610, na Lee akafa huko baada ya miaka michache pasipo kuona matunda ya kazi yake. Ndugu yake na mafundi wake walirudi Uingereza na mashine zao, na kazi ikakua hata ikawa riziki ya maelfu ya watu katika nchi ya Nottingham na Leicester.

Lakini msidhani kwamba watu hao walifanya kazi katika viwanda vikubwa. Walifanya majumbani mwao. Mume aliketi mashinani karibu na dirisha apate mwanga, mke alishona mishono ya soksi, na watoto walikunja uzi. Mashine yenyewe aghalabu haikuwa yao. Waliipanga kwa tajiri na kumlipa kodi kila juma, kazi iwepo isiwepo.

Fundi hodari alifuma soksi kwa umbo la mguu, akizidisha na kupunguza vitanzi, na ukingo wake ulikuwa umefungwa tangu mashinani. Lakini baadhi ya matajiri waliona njia ya mkato. Walifumisha nguo pana katika mashine kubwa, kisha wakaikata kwa mkasi kwa umbo la soksi na kuishona upande. Kwa macho soksi hizo zilipendeza, na bei yake ilikuwa ndogo. Lakini mkasi ulikuwa umekata vitanzi ukingoni, wala hapakuwa na kitu cha kuvishika. Baada ya kuvaliwa kidogo mshono uliachia na soksi ikafumuka. Wanunuzi wakapoteza imani, bei ya soksi zote ikashuka, na mafundi wa kweli wakapunguziwa ujira wakati ule ule ambapo chakula kilikuwa ghali kwa sababu ya vita.

Katika mwaka 1811 ghadhabu ikawaka. Watu walikusanyika usiku, wakaingia katika nyumba na karakana, wakavunja mashine za wale matajiri waliolipa vibaya na kutengeneza nguo za kukatwa. Walijiita watu wa Ludd, kwa jina la mkuu ambaye hapana aliyepata kumwona. Serikali ilipeleka askari kwa maelfu, na katika mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kwamba mwenye kuvunja mashine ya kufuma aweza kuhukumiwa kufa. Mshairi Byron, aliyekuwa na kiti katika Baraza la Mabwana, alisimama kuwatetea, akieleza dhiki aliyoiona kwao, hakusikilizwa. Watu wengi huwataja waliovunja mashine hizo kama wajinga waliochukia maendeleo. Sisi hatuoni hivyo. Wao wenyewe waliishi kwa mashine. Walilochukia ni ujira wa dhuluma, na nguo ya hila yenye mshono usioshika.

Maarifa ya kuufunga ukingo huo yalikuja polepole. Katika mwaka 1830 fundi Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya cherehani iliyoshona kwa mnyororo wa vitanzi. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris, wakihofia riziki yao, waliivamia karakana yake na kuziharibu mashine. Kisha huko Marekani, Elias Howe katika mwaka 1846, na Isaac Singer katika mwaka 1851, walipata hati za cherehani zenye mshono wa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazofungana katikati ya nguo. Mshono huu ni imara sana, nao ndio wa cherehani nyingi za majumbani. Walakini ulifaa nguo ya mtande na mshindio. Ukishona nguo ya vitanzi kwa mshono huo ulionyoka, nguo itavutika na uzi hautavutika. Basi uzi hukatika.

Dawa ilipatikana katika kiwanda cha ukoo wa Merrow, katika jimbo la Connecticut. Ukoo huo ulikuwa na kinu cha baruti kilicholipuka katika mwaka 1837. Mwaka uliofuata wakajenga kiwanda cha nguo za kufuma. Katika miaka ya 1880 walitengeneza mashine iliyozungushia uzi ukingo wa nguo, juu na chini, kwa vitanzi vyake yenyewe. Mshono ukawa wavutika pamoja na nguo, na kila kitanzi kilichokatwa kikapata mshikizi. Ndio mshono ambao mafundi wetu huuita ovaloki. Igeuzeni fulana ndani nje mtazame mshono wa ubavuni, nanyi mtauona. Lile walilolilia watu wa Nottingham limo humo.

Tangu hapo nguo inayovutika ilipanda daraja. Katika mwaka 1916 Gabrielle Chanel, mshonaji wa Paris, alitumia jezi, iliyokuwa ikitumiwa zaidi kwa nguo za ndani za wanaume, kushonea mavazi ya mabibi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza iligawa nguo kwa tikiti kuanzia Juni 1941 hata Machi 1949, na akina mama walifumua masweta makuukuu na kufuma mapya kwa uzi ule ule. Hatari ya vitanzi ikageuka kuwa msaada. Katika mwaka 1958 Joseph Shivers, mtaalamu wa kampuni ya DuPont, alitengeneza uzi unaovutika mara kadha wa kadha ya urefu wake na kurudi, unaoitwa Lycra. Tena katika miaka ya 1960 bibi mmoja wa jimbo la Oregon, Ann Person, alianza kuwafundisha wanawake kushona nguo za jezi kwa cherehani zao za nyumbani. Hivyo kazi iliyotoka nyumbani ikarudi nyumbani.

Basi yafaa tuseme maneno machache juu ya kazi yenyewe, maana sababu zake sasa mmezijua. Fueni kitambaa kabla ya kukikata, kwa kuwa jezi ya pamba hunywea majini. Kitandazeni chote juu ya meza. Kikining'inia pembeni, uzito wake utakivuta na vipimo vitakuwa vya uwongo. Kivuteni kwa mkono kujua kinavutika zaidi upande gani, kisha upande huo uzunguke mwili, wala usishuke kwa urefu. Tafuteni sindano ya ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi kando. Sindano kali hukata kitanzi, na tundu dogo huzaa mfereji. Kama cherehani ina mshono wa zigizaga, yaani unaokwenda pembe pembe, utumieni ukiwa mwembamba, maana pembe zile hunyoka nguo inapovutwa. Kama haina, vuteni nguo kidogo, mbele na nyuma ya sindano kwa nguvu sawa, ili uzi mwingi zaidi uingie katika mshono. Jaribuni kwanza katika kipande. Mabegani shoneni pamoja na utepe mwembamba usiovutika, bega lisije likashuka. Na pasi msiiburuze. Iwekeni, iinueni, iwekeni tena.

Asiye na kitambaa kipya na ajifunzie katika fulana kuukuu. Akiifumua mishono yake taratibu, atapata kiolezo kamili cha mbele, nyuma na mikono, bila kununua karatasi.

Twamaliza kwa neno hili. Nguo ya vitanzi ina amri moja: usikiache kitanzi ulichokikata bila mshikizi. Watu wa Nottingham waliiona amri hiyo ikivunjwa kwa tamaa ya faida, na walioumia ni mnunuzi maskini pamoja na fundi mwaminifu. Mwenye kushona nyumbani hana tajiri wa kumharakisha. Atakayeivaa nguo yake ni mwanawe au yeye mwenyewe; basi na aufunge ukingo wake vema, upande wa ndani usioonekana na watu, kama ule wa nje. Kwaherini.