Paka mzee nyumbani: si kila udhaifu ni uzee

Madaktari wa wanyama humkadiria paka wa miaka 10 kuwa sawa na mtu wa miaka 56 hivi, na wa miaka 15 sawa na mtu wa miaka 76. Paka wa mitaani, kama wale wanaongojea matumbo ya samaki ufukweni Lamu, aghalabu hawaufikii umri huo. Anayelala ndani, akalishwa na kuangaliwa, huufikia, na wengine huvuka miaka 18.

Hapa Munyaka, Eldoret, tuko Wapwani tulioletwa na kazi na biashara, na baadhi yetu tumekuja na paka wetu, safari ya karibu kilomita 800 kutoka Mombasa. Wangu ni Sikudhani, mwenye miaka 15. Ninayoyaeleza yatamfaa kila mwenye paka wa umri huo, awe huku kwenye baridi au huko Malindi.

Msingi wake katika dini

Imepokewa kwa Kabsha bint Ka'b kwamba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Imo katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi. Nako katika Bukhari na Muslim mna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Paka uliyemlea ndani miaka 15 hana tena nguvu ya kujitafutia. Riziki yake imo mkononi mwako.

Tofautisha tu: mate yake ni tohara, mkojo wake ni najisi. Mzee huyu akishindwa kujizuia akaulowesha mswala, uoshe mpaka rangi na harufu ziondoke. Usimpige. Huenda ni ugonjwa.

Dalili za kuangalia

Neno la hatari ni "ah, ni uzee tu." Uzee wenyewe si maradhi, na mengi tunayoyaita uzee yana jina na yana tiba.

Akinywa maji mengi, akakojoa sana na kukonda, shuku figo au kisukari. Maradhi ya figo ni ya kawaida mno kwa paka wazee. Hayaponi, lakini yakijulikana mapema, chakula na dawa humwongezea siku za raha. Akila sana na bado akakonda, akawa hatulii na kulia usiku, huenda ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, nayo ina dawa. Akisogelea sahani kisha akarudi nyuma, au mdomo ukinuka, mtazame meno. Akipofuka ghafla, huenda ni presha.

Akiacha kuruka kitandani, usidhani ni uvivu. Utafiti wa eksirei uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta paka 9 katika kila 10 waliozidi miaka 12 wana dalili za ugonjwa wa viungo. Paka huficha maumivu. Hupunguza mwendo tu.

Njia nyepesi ya kumfuatilia ni mizani. Panda naye, kisha upande peke yako, utoe tofauti. Fanya hivyo kila mwezi na uandike. Paka wa kilo 4 akipoteza nusu kilo, ni kama mtu wa kilo 80 kupoteza kilo 10. Na asipokula kabisa siku nzima, usingoje ya tatu, kwani njaa ya siku chache humharibu ini.

Baridi ya Eldoret

Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Paka mzee aliyekonda hawezi kuhimili hilo sakafuni. Mpe kikapu au katoni iliyoinuliwa, blanketi ndani, mbali na upepo wa mlangoni. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo inatosha. Usimwachie jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua paka na watu pia.

Beseni lake la mchanga liwe na ukingo mfupi, karibu na anapolala. Kucha zake zikate ncha, maana za mzee huota zikachoma nyayo.

Chakula na dawa

Paka anahitaji nyama au samaki. Ugali wenye mchuzi haumtoshi. Mpe samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, na ng'onda umkalie mbali nayo kwa sababu ya chumvi. Maziwa ni mengi huku, lakini paka wengi wakubwa huwaharisha. Maji safi yawekwe mahali pawili au patatu.

La kushika sana: usimpe paka Panadol. Paracetamol, dawa iliyo ndani yake, humharibu damu na ini, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Wala usimpe Brufen. Dawa za kupe za ng'ombe na mbwa zinazouzwa agroveti pia zisimguse, hasa zenye permethrin, ambayo ni sumu kwake.

Uasin Gishu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na madaktari wengi wamezoea ng'ombe. Tafuta aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, umuulize wazi kama anatibu paka na kama anaweza kupima damu yake. Mpeleke mara mbili kwa mwaka, na chanjo ya kichaa usiiache.

Mwisho wake

Itafika siku dawa hazifai. Kuhusu kumfisha kwa sindano mnyama anayeteseka bila tumaini, wanazuoni wamekhitalifiana. Muulize daktari hali yake na sheikh wako hukumu yake, tena mapema, kabla ya usiku wa mwisho. Akifa, mzike kwa kina ili mbwa wasimfukue. Hana sanda wala sala. Watoto waacheni walie.

Sikudhani hivi sasa ana kilo 3 na robo. Mwezi uliopita alikuwa na 3 na nusu. Kesho asubuhi tuna miadi na daktari. Wallahu aalam.