Makarani wa Lyons na Mtambo wa Hesabu: Funzo kwa Viongozi wa Ushirika

Chama chetu kinatimiza miaka 10 wakati ambapo hesabu zetu zinaanza kuhamishwa kutoka katika madaftari ya mkono na kuingizwa katika kompyuta. Wako makarani waliolifurahia jambo hili, na wako walioingiwa na hofu, wakiuliza kama kalamu yao itakuwa na kazi tena. Swali hilo si geni. Lilipata kujibiwa huko Uingereza, katika kampuni iliyouza chai na mikate.

Kampuni ya J. Lyons ya London ilikuwa na migahawa mingi ya chai na waajiriwa zaidi ya 30,000. Faida ya kikombe kimoja ilikuwa ndogo mno, hata gharama ya kuandika hesabu zake ingaliweza kuimeza yote. Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri Bwana John Simmons, mwanahisabati wa Cambridge. Yeye aliamini ya kwamba hesabu huandikwa ili msimamizi apate kuamua jambo, wala si kwa ajili ya kujaza madaftari. Chini ya uongozi wake taratibu za ofisi zilichunguzwa kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kujulikana.

Mwaka 1947 kampuni iliwatuma Bwana Thompson na Bwana Standingford kwenda Marekani kutazama kazi za ofisi. Huko walipata habari za mitambo ya kuhesabu kwa umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya wanasayansi, wakaona ingeweza kufanya kazi ya makarani pia. Waliambiwa tena ya kwamba Bwana Maurice Wilkes alikuwa akiunda mtambo wa namna hiyo pale Cambridge, karibu na kwao. Lyons ikatoa pauni 3,000 na fundi mmoja kusaidia kazi hiyo. Mtambo wa Cambridge ulipofanya kazi, Mei 1949, kampuni ikaazimia kuunda wake, ukaitwa LEO. Mnamo Novemba 1951 mtambo huo ulianza kazi ya kila wiki ya kukadiria thamani ya mikate na keki.

Lakini mtambo peke yake haukutosha. Ilihitajika busara ya viongozi. Kwanza, usimamizi wa kuandika programu hawakumpa mgeni, bali Bwana David Caminer, aliyekuwa katika kampuni tangu 1936 na kuzijua taratibu zake. Pili, waliwafungulia mlango watumishi wao wenyewe. Yaliwekwa mafunzo na majaribio, na aliyefaulu alichukuliwa. Bibi Mary Coombs, aliyeingia Lyons kwa kazi ya ukarani, alihudhuria mafunzo hayo mwaka 1952, akawa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa programu za biashara. Tatu, hawakuuamini mtambo kwa pupa. Mishahara ilipigwa na LEO huku makarani wakiendelea kuipiga kwa mkono, na hesabu zikalinganishwa kabla mtambo haujakabidhiwa kazi hiyo mwaka 1954. Karani mzoefu alitumia dakika 8 kwa mshahara wa mtu mmoja. LEO ilitumia sekunde 1 na nusu. Mwenda pole hajikwai.

Hapo ndipo penye funzo letu. Kiongozi akinunua mtambo na kuuweka mezani, kisha akaondoka, karani ataendelea kuficha daftari lake la zamani katika saraka, na Chama kitakuwa na hesabu mbili zisizopatana. Lakini kiongozi akikaa na karani, akamfundisha, akamwonyesha mahali pake katika kazi mpya, na kulinganisha tarakimu pamoja naye, hofu itapungua.

Mkulima hautazami mtambo wetu. Hutazama stakabadhi yake, kama kilo zake ni kamili na fedha zake zimefika. Basi kabla daftari la mwisho halijafungwa, Halmashauri na ihakikishe ya kwamba kila karani wetu amepata mafunzo, na ya kwamba hesabu za msimu mzima zimelinganishwa kwa mkono na kwa mtambo. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa muuzaji wa mitambo. Ni kazi yetu sisi tuliochaguliwa.