Waliofumua Wakaanza Upya

Juzi bibi harusi mmoja alinikuta nafumua gauni lake, machozi yakamlenga. Nikamwambia atulie, kufumua ni nusu ya kazi ya fundi. Duka langu la kwanza nalo lilifungwa kabla ya mwaka. Jioni nikapita Mkunazini, mbele ya lile kanisa kubwa, nikawakumbuka waliolijenga. Dini yao si yetu, lakini kisa chao kimepita kisiwani kwetu.

Wale wamisionari wa Kiingereza wa UMCA hawakuanzia Unguja. Mwaka 1861 walikwenda Magomero, Malawi ya leo, na Askofu Charles Mackenzie. Walikwenda kuhubiri na kupinga biashara ya watumwa, wakajikuta wameshika bunduki katika vita vya watu. Kisha mtumbwi ukapinduka, dawa za homa zikaenda na maji. Januari 1862 Mackenzie akafa, na wenzake kadhaa wakamfuata.

Askofu aliyekuja baada yake, William Tozer, aliamua kuondoka. Livingstone, ambaye hotuba yake ndiyo iliyowatoa kwao, alikasirika sana. Mimi naona Tozer alikuwa na akili. Mwaka 1864 alihamia Unguja pamoja na Edward Steere, wakaanza na watoto watano waliopewa na Sayyid Majid. Watano tu! Steere akakaa chini kujifunza Kiswahili, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha yetu.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash, akibanwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Mkunazini. Steere, ambaye baadaye naye alikuwa askofu, akajenga kanisa pale pale, na Krismasi ya 1879 wakasali ndani. Waongoza watalii husimulia kuwa kuna nguzo ambazo mafundi waliziweka kichwa chini Steere alipokuwa safarini, naye akaziacha. Hapo mimi ningefumua.

Na Malawi hawakuisahau. Mwaka 1876 Steere aliwapeleka watu waliokombolewa hadi Masasi, wakakaa huko. Kutoka bara wenzake wakasogea mpaka kisiwa cha Likoma, Ziwa Nyasa, zaidi ya miaka 20 baada ya Magomero. Steere hakuiona siku hiyo. Alifariki Unguja mwaka 1882, na kaburi lake limo humo humo kanisani.