Uso wa saa na mikono ya wakimbizi
Wapo watu, msomaji, wanaonunua saa ya mkono kwa bei ya shamba kwa sababu ya uso wake tu. Fundi hunyunyiza unga wa kioo, yaani enameli, juu ya shaba au dhahabu, akauchoma tanurini kwa nyuzi 800 hivi, tena na tena. Ukipasuka mwishoni, kazi yote imeenda.

Ufundi huu ulifikaje Geneva? Sehemu kubwa uliletwa na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa katika karne za 16 na 17. Mji uliowapa hifadhi ukatajirika kwa saa.

Basi tunapohesabu wakimbizi wa Dadaab na Kakuma kwa magunia ya chakula, tuulize pia: mikono yao inajua nini?