Okidi za Rungwe

Okidi za Rungwe ni mimea ya familia ya Orchidaceae inayoota porini katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, na katika uwanda jirani wa Kitulo. Wataalamu wa mimea na wapiga picha huzitafuta kwa sababu ya maua yake. Wachimbaji huzitafuta kwa sababu ya viazi vyake.

Mazingira

Eneo la Tukuyu hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Katika misitu ya Mlima Rungwe (mita 2,960) kuna okidi zinazoota juu ya miti, kama zile za jenasi Polystachya. Hizi hazinyonyi mti. Mizizi yake hushika gome na kufyonza maji ya mvua na ukungu.

Okidi za ardhini, zikiwemo za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria, hupatikana zaidi kwenye nyasi za milimani. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina takriban aina 45 za okidi. Wenyeji huuita uwanda huo "Bustani ya Mungu".

Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, Adolf Stolz (1871–1917), mmisionari wa Kanisa la Moravian, alikusanya mimea mingi huko Kyimbila, karibu na Tukuyu. Mtaalamu Rudolf Schlechter alichunguza okidi zake, na mwaka 1915 aliipa jenasi mpya jina la Stolzia kwa heshima yake.

Kutafuta na kupiga picha

Okidi nyingi za ardhini huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Wakati wa kiangazi majani hukauka na mmea hubaki chini ya udongo, hivyo ni vigumu kuuona.

Ili aina iweze kutambuliwa, picha moja ya ua haitoshi. Huhitajika picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, ambako kichuche cha nekta huonekana, pamoja na picha ya majani, mmea mzima na mahali ulipoota. Mwanga wa mawingu huonyesha rangi vizuri kuliko jua kali. Mpiga picha hukwepa kukanyaga miche na kung'oa nyasi zinazouzunguka mmea. Wengi hawatangazi mahali hasa palipopigwa picha, kwa kuwa taarifa hiyo huweza kumfikia mchimbaji.

Biashara ya viazi

Viazi vya okidi husagwa na kupikwa pamoja na karanga kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana nchini Zambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi milioni 2.2 hadi 4.1 vilipelekwa Zambia kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini.

Kwa kawaida mmea huwa na kiazi cha zamani na kipya. Kile kipya ndicho kinachohifadhi chakula cha msimu ujao, na ndicho kinachotakiwa sokoni. Kikichukuliwa, mmea hufa. Kurudishia mimea hiyo si rahisi: mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini huhitaji kuvu maalumu ili ziote.

Biashara ya kimataifa ya okidi husimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Tanzania na Zambia ni wanachama wake.